Subiri Maji Yapwe

Kitendawili!

Najua umeitika tega, hata kama umeitikia moyoni. Basi sikiliza: nna mlango wangu hausimami, umelala chini. Juu yake watu wanapita, chini yake samaki wanapita, wala hawaamkiani.

Si daraja, usikimbilie daraja. Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji, ndiyo sheria yetu: anayeshindwa kitendawili hutoa mji na utamu wake wote, ndipo apewe jibu. Usione haya. Bi Masouda wa Ghubra, huko Maskati, alishindwa nacho mwaka jana, na kushindwa kwake si jambo la kila siku. Alimpa mjukuu wake Unguja nzima pamoja na karafuu zake. Jibu ni barafu ya ziwa, huko kwenye nchi za baridi, ziwa linapoganda juu mpaka watu wakalikanyaga.

"Huo si mlango, huo ni uongo," alisema Bi Masouda siku ile, na mjukuu wake Humam akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. Humam alikuwa Ufini akisomea uhandisi wa umeme. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Januari, baridi yake ya pili huko, na baridi hii ya pili ndiyo iliyotaka kummaliza.

*

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Harub, mwanawe Bi Masouda, alikuwa amelala chumbani na mkewe Balqis; hao ndio wazazi wa Humam. Asubuhi yake Harub alikwenda Qantab akanunua nguru wawili kwa wavuvi, akawaleta ndani ya sanduku la barafu, na sanduku hilo sasa lilikuwa jikoni chini ya dirisha, likimsubiri Filomena amalize kuanika nguo juu ya dari.

Filomena alikuwa msichana wa kazi, wa Ukerewe huko bara, mwaka wake wa tatu katika nyumba hii. Kwa amri ya Balqis simu yake ilikaa kwenye droo ya vijiko tangu asubuhi mpaka magharibi. Bi Masouda mwenyewe alikuwa na kisimu cha vitufe kisichoonyesha picha. Ndiyo maana Humam, akitaka kusema na bibi yake bila mama yake kujua, alipiga simu ya Filomena. Bi Masouda aliisikia ikitetemeka baina ya vijiko, akafungua droo haraka kama mtoto anayeiba sukari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, babu yangu. Uko wapi, mbona kweupe hivyo kama sanda?" Neno lilipotoka alilijutia, akalitemea mate kando.

"Niko ziwani, navua. Usimwambie mama."

Balqis alikuwa amemwapisha kijana huyo asikanyage barafu, na yeye alikuwa ameitikia naam. Sasa alikuwa akimwonyesha bibi yake: theluji iliyofika mapajani, shimo la duara alilolitoboa kwa keekee refu kumshinda yeye mwenyewe, kijiti cha mshipi kifupi kama mwiko, na samaki watatu wenye mistari, wamekauka kama kuni kwa baridi. Nyuma yake kulikuwa na kisiwa chenye misonobari. Alikuwa na kigari cha plastiki cha kuburuta, hakina magurudumu, ndicho alichokalia.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Aflah hataki baridi, kabaki mjini." Aflah alikuwa kijana wa Nizwa aliyekaa naye chumba kimoja. "Haya, nitegee kimoja, bibi, samaki wamelala."

"Kitendawili."

"Tega."

"Nna mgeni wangu, akija hapigi hodi, akiondoka haagi, na nyumba huiacha imelowa."

"Mvua."

"Mvua hupiga hodi kwenye bati. Hujui? Nipe mji."

"Nakupa Sarkela. Ndipo niliposhuka basi. Ni kijiji, kina kanisa jekundu na duka moja, linauza petroli na chambo."

"Mji gani huo, kiwanja! Nlitaka Paris, nende nikanunue manukato." Lakini aliupokea, maana alikuwa akiweka miji yote aliyopewa na Humam na alijua kuihesabu tangu wa kwanza. "Mgeni huyo ni maji ya bamvua, babu. Bahari hujaa mpaka mlangoni wala huisikii."

Humam alitazama miguuni pake. Kisha akasema, "Ajabu. Basi na hapa mgeni kaja."

Aliinamisha simu. Shimo lilikuwa linafurika. Maji meusi yalipanda taratibu, yakamwagika juu ya barafu na kuingia chini ya theluji, na theluji nyeupe ikaanza kugeuka rangi ya majivu. Humam alisimama akapiga hatua, mguu ukazama mpaka gotini ndani ya kitu kama uji wa mchele.

"Kiatu kimeingia maji, bibi. Hapa nlipita sasa hivi pakavu! Nirudi? Mpaka pwani ni nusu saa, na njia yangu yote naiona imekuwa uji."

Bi Masouda alishika ukingo wa meza. Utotoni kwao Chukwani, Unguja, alifuatana na mama yake na shangazi zake kuchokoa pweza maji yakipwa. Siku moja maji yaliwahi kurudi. Mama yake alimpandisha juu ya mwamba, akamwambia kaa hapa, usitie mguu. Shangazi mmoja alisema yeye ataiwahi pwani, akatembea. Walimzika kesho yake. Tangu siku hiyo Bi Masouda alijua jambo moja kuhusu maji, na jambo hilo lilikuwa kweli maisha yake yote.

"Usitembee! Unanisikia? Maji yanayojaa hayatembelewi. Panda juu ya hicho kigari chako, kunja miguu, kaa. Subiri maji yapwe, ndipo uondoke."

"Haya, bibi. Napanda." Picha ilitikisika, ukaonekana uso wake, pua nyekundu, macho yake yaleyale ya alipokuwa na miaka minne. "Na yasipopwa je, bi—"

Simu ikakatika.

*

Kwanza hakuogopa. Aliirudisha simu kwenye droo, akapanga vijiko juu yake, akaanza kuhesabu kwa vidole kama alivyofunzwa: maji hujaa saa sita, hupwa saa sita. Alipofika kidole cha nne akaona kuwa mtoto atakaa pale mpaka usiku.

Filomena aliingia na tenga tupu la nguo. Akachuchumaa, akafungua sanduku la barafu awatoe nguru.

"Filo," alisema Bi Masouda, "kwenu si ziwani?"

"Ziwani, Bibi. Ukerewe ni kisiwa, ukitoka nyumbani ni maji pande zote."

"Yanapwa saa ngapi?"

"Nini?"

"Maji. Yanapwa saa ngapi kwenu?"

Filomena alicheka. "Ziwa halina mambo hayo, Bibi. Hayo ya bahari. Ziwa maji yalipo asubuhi ndipo yalipo jioni. Ukiyasubiri yaondoke utaota mizizi."

Akaendelea kucheka peke yake, mpaka alipoinua macho akamwona bibi. Akaliweka chini kisu.

"Bibi? Kuna nini?"

Bi Masouda hakumjibu. Alikuwa akilitazama lile sanduku. Barafu ya asubuhi ilikuwa imeanza kuyeyuka, nusu maji nusu chembe, uji wa rangi ya majivu yenye damu ya samaki. Akakunja mkono wa kanzu, akautia mkono wake humo mpaka kiwikoni. Akahesabu. Kumi, vidole vikauma. Ishirini, mfupa ukalia. Arobaini, mkono haukuwa wake tena. Alipoutoa alijaribu kukunja ngumi, haikukunjika.

Huo ni mkono, na humu ni Maskati.

"Mpigie," alisema. "Humam. Mpigie sasa hivi."

Filomena alipiga mara tano. Kila mara mwanamke wa kizungu alisema maneno mafupi na simu ikakatika. Bi Masouda akamweleza yote kwa sauti ya chini, na Filomena, aliyekuwa na mama kama huyu kwao, akamfuta mkono kwa kitambaa cha sahani huku akimsikiliza.

"Twende tumwamshe mama Balqis."

"Ngoja kwanza."

"Bibi—"

"Nimesema ngoja! Pengine simu imekufa kwa baridi tu. Pengine yuko njiani." Akaitia simu tena chini ya vijiko. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo kumwambia mtu angoje, na mara hii alijua anachokifanya.

*

Saa kumi alasiri Aflah alimpigia Harub. Alikuwa ametaka Humam amtumie ujumbe kila baada ya saa moja, na saa mbili zilikuwa zimepita kimya. Alikwisha kuwaita waokoaji. "Lakini ami Harub, wananiuliza ziwa gani. Huku maziwa ni maelfu, na yeye aliniambia naenda ziwani tu."

Harub alisimama katikati ya ukumbi na kanzu ya kulalia, simu ameiweka sauti ya wote. Balqis alitoka chumbani nywele wazi, mkono kifuani.

"Ziwa? Ziwa gani? Si aliniapia? Si aliniapia, Harub?"

"Sarkela," alisema Bi Masouda kutoka mlangoni mwa jikoni.

Wote waligeuka.

"Kijiji kinaitwa Sarkela, kina kanisa jekundu. Alinipa... alinipa mji. Juzi. Kwenye vitendawili."

"Umesikia, Aflah? Sarkela!" Harub alipiga kelele, na juzi ile ikapita bila kuulizwa. Balqis akamkumbatia mkwewe, akambusu kichwa. "Mungu akuweke, mama. Vitendawili vyako hivyo, nami nlikuwa navicheka." Bi Masouda alisimama ndani ya kumbatio hilo mikono imening'inia, mmoja bado baridi.

Baada ya hapo ilikuwa kukaa. Filomena alileta chai, hapana aliyeinywa. Harub aliuliza wenzake kazini kama kuna mtu ubalozini, akaambiwa leo Jumamosi. Balqis alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni akisoma, na kila alipofika aya asiyoikumbuka alianza upya. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira, na kila mpira ulipogonga ukuta yeye alishituka akasema, "Ya Rabbi, simu?"

Saa kumi na moja na robo Aflah alirudi hewani. Waokoaji wamefika Sarkela. Wamemkuta dereva wa basi, anamkumbuka. Lakini theluji inaanguka na nyayo zimefunikwa. Theluji nzito imeikandamiza barafu, maji yamepanda juu yake yakajificha, na pikipiki yao ya theluji imenasa kwenye uji huo mara mbili. Sasa wanakwenda kwa miguu, watu wanne tu, na huko jua linatua baada ya nusu saa.

"Barafu yenyewe ni nene, haivunjiki," alisema Aflah. Sauti yake ilikuwa ya kijana anayejizuia. "Si kuzama, ami. Ni miguu kulowa, ndiyo inayoua. Wanauliza: alikuwa anarudi pwani, au amekaa mahali? Kama anarudi, watafute kwenye matete ya ufukweni, upande wa mto. Kama amekaa, waende nyuma ya kisiwa, ndiko watu huvua. Pande mbili hawawezi kabla ya giza. Wao wanasema lazima anarudi. Wanasema hapana mtu mwenye akili anayekaa kwenye maji yale."

"Sisi tutajuaje?" alisema Harub.

"Kuna mtu anajua. Nlimpigia saa sita na dakika kumi saa za huku, simu yake ilikuwa inatumika. Alikuwa anasema na mtu."

"Si mie," alisema Harub.

"Wala mie." Balqis alihesabu. Saa sita ya huko ni saa nane ya hapa. Simu nyingine ya picha ndani ya nyumba ilikuwa moja tu. Akageuka polepole kuelekea jikoni, akaenda kwenye droo, vijiko vikamwagika sakafuni.

"Fungua," alimwambia Filomena akimpa simu yake. Filomena akaifungua kwa dole gumba. Chini ya simu tano zisizopokelewa lilikuwapo jina la Humam, saa nane na dakika saba, dakika kumi na moja.

"Dakika kumi na moja." Balqis alisema taratibu, na taratibu hiyo ilitisha kuliko kelele. "Wewe una nini cha kusema na mwanangu dakika kumi na moja? Saa za kazi, kwenye nyumba yangu?"

"Sikusema naye mimi, mama."

"Simu ilijisemesha! Hayo baadaye. Nambie kitu kimoja tu: alikuwa anarudi au anakaa?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Mwanangu anakufa nawe unaniambia hujui! Wallah kesho nakukatia tiketi, urudi kwenu ukaanike dagaa. Na usiniguse hiyo mizigo mpaka niipekue mwenyewe." Akamshika bega akamtikisa. "Anarudi au anakaa?"

Filomena alitazama vijiko sakafuni. Machozi yalimtoka lakini mdomo aliufunga. Hakumtazama Bi Masouda hata mara moja, na huko kutokutazamwa ndiko kulikomchoma bibi mpaka ndani.

Bi Masouda alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. Aliogopa. Usidhani mtu mzima haogopi. Anaogopa zaidi, kwa sababu kilichobaki kwake ni kidogo. Akinyamaza, waokoaji watakwenda kwenye matete. Akisema, na mtoto akakutwa amekufa pale alipomkalisha, basi hatakuwa tena mama wa mtu wala bibi wa mtu ndani ya nyumba hii. Atakuwa yule aliyemwambia. Watampa chakula, watampeleka hospitali, hapana atakayemtukana. Na hapana atakayemtegea tena kitendawili.

Kupitia dirishani jua la Ghubra lilikuwa limefika kwenye ukingo wa nyumba ya jirani. Jua lilelile, akafikiri. Linatua kwetu na kwake pamoja.

"Mwache mtoto wa watu, Balqis," alisema. "Simu hiyo nlisema mie."

Balqis aliganda, mkono ungali begani mwa Filomena.

"Amekaa. Yuko nyuma ya kisiwa chenye misonobari, juu ya kigari chake, karibu na shimo. Hatembei."

"Unajuaje kama hatembei?"

"Kwa sababu alitaka kutembea, nami nikamkataza. Maji yalipanda, akaniuliza arudi, nikamwambia asitie mguu. Nikamwambia asubiri maji yapwe."

"Yapwe?" Sauti ya Balqis ilikuwa nyembamba. "Mama. Ziwa?"

"Nlikuwa sijui," alisema Bi Masouda. "Saa tisa nikajua. Na nikanyamaza."

Harub alikuwa ameshaisogeza simu mdomoni. "Aflah, nyuma ya kisiwa. Waambie amekaa. Ndiyo nna hakika! Bibi yake kamwambia akae, hatoki pale mtoto yule, hata mbingu ianguke."

*

Adhana ya magharibi ilisomwa. Harub aliswali, akasahau rakaa, akaanza tena. Balqis alitandika mswala wake chumbani, si ukumbini pamoja na mkwewe kama siku zote, akafunga mlango. Kabla ya hapo aliiweka simu ya Filomena juu ya meza ya jikoni, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka mbele yake. Neno la samahani halikusemwa. Filomena aliokota vijiko kimoja kimoja, akavisuuza.

"Mimi ningenyamaza, Bibi," alisema akiwa amempa mgongo. "Nisingekutaja mpaka ndege."

"Najua. Ndiyo maana nlisema."

Saa moja kasoro dakika tano simu ililia. Harub aliidondosha, akaiokota. Ilikuwa sauti ya Aflah, naye analia waziwazi sasa, na kwa muda hapana aliyeweza kujua kilio hicho ni cha upande gani. Bi Masouda alikamata mlango kwa mkono wake.

"Wamempata! Nyuma ya kisiwa! Yuko juu ya kigari kama kuku juu ya mayai, kajifunika begi la samaki. Yu hai, ami, yu hai! Miguu tu. Kiatu cha kulia wamekikata kwa kisu. Daktari anasema pengine vidole viwili havitarudi. Lakini yu hai."

Balqis alitoka chumbani akaanguka sijida palepale kwenye vigae. Harub aliinama ukutani akalia kama mtoto, mabega yakiruka. Bi Masouda hakulia. Aliuliza, "Vidole vipi?" wala hapana aliyemsikia.

Saa mbili na nusu Humam mwenyewe alipiga, kutoka kitandani hospitali. Mama yake alimpokea kwa kilio, kisha kwa matusi, kisha kwa kilio tena. Akamwambia atamfunga kamba kama mbuzi, akamuuliza kama amekula, akamwapisha tena kiapo kilekile. Harub alisema maneno mawili tu, akamrudishia Balqis simu. Kisha wakasikia sauti ya mtoto, nzito kwa dawa, ikiuliza, "Bibi yuko wapi?"

Balqis alimtazama mkwewe aliyekuwa amekaa mbali, kwenye kiti cha karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni wasiojulikana. Macho yake hayakuwa yamesamehe. Hata hivyo alinyanyuka, akavuka ukumbi, akampelekea simu, na alipoona bibi hanyoshi mkono kuipokea, akaishika yeye mwenyewe, akamwekea mbele ya uso.

"Bibi," alisema Humam. "Nlikaa kama ulivyonambia."

"Nimesikia, babu yangu. Umenipa vidole viwili. Bora ningekwambia nipe mji."

Alicheka kidogo, cheko la mgonjwa. "Simu ilikatika. Nlikuuliza kitu hukunijibu. Nlikaa pale nafikiri, bibi angesema nini. Mpaka miguu ikaacha kuuma bado nafikiri."

"Najua ulichoniuliza."

Filomena alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi. Bi Masouda aliinua uso wake, si kwa Humam peke yake, bali akimtazama na Balqis juu ya simu, akajibu.

"Yasipopwa ondoka, mwanangu. Usimsubiri mtu. Hata kama aliyekwambia ukae ni mie."